Pumu na Uzito Mkubwa: Namna ya Kufanya Mazoezi na Kujua Kilichokukata Pumzi

Mtu mnene mwenye pumu akipanda ngazi za majumba ya Michenzani, mjini Unguja, na kufika juu huku akitweta, wanaomwona humpa moja kati ya nasaha mbili: avute pampu yake, au apunguze mwili. Nasaha zote mbili zina ukweli, lakini hakuna inayomfaa pale pale aliposimama, kwa sababu kabla ya kuamua la kufanya anahitaji kujua ni kitu gani kilichomkata pumzi. Kuhema kunakoletwa na uzito na kubanwa kunakoletwa na pumu ni mambo mawili yanayofanana kwa nje, lakini huanza kwa wakati tofauti, huondoka kwa namna tofauti, na hutaka hatua tofauti. Mwongozo huu unahusu namna ya kuyatenganisha, na namna ya kupanga mazoezi ukiwa nayo yote mawili ndani ya kifua kimoja.

Ninaandika nikiwa mgonjwa, wala si daktari. Pumu ninayo tangu nikiwa skuli, na nilipofikia umri wa miaka 41 nilikuwa na kilo 96 kwa urefu wa sentimita 163. Ukizigawa kilo hizo kwa 1.63 mara 1.63 unapata 36, na unene wa kupindukia huhesabiwa kuanzia 30. Wakati huo nilikuwa nikivuta pampu ya buluu, yaani ile ya kutuliza, kila nilipohema, hata nikitoka sokoni Darajani na vikapu viwili tu, na mikono ikawa inatetemeka na moyo unanienda mbio mpaka nikadhani nimepata maradhi mengine. Katika kituo kimoja nilichokwenda niliongezewa dawa mara mbili bila ya kupulizishwa kipimo hata kimoja. Baadaye ndipo nilipokuja kufahamu kwamba sehemu kubwa ya kuhema kwangu ilikuwa ni uzito, nami nilikuwa nikiutibu kwa dawa ya pumu.

Kinachotokea kifuani

Ukimaliza kutoa pumzi ya kawaida, mapafu hayabaki matupu. Hubakia na akiba ya hewa, na akiba hiyo ndiyo inayoyaweka yamekunjuka kiasi. Kwa mtu mwenye tumbo kubwa, mafuta ya tumboni hukisukuma juu kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na mafuta yaliyo juu ya mbavu huzilemea, kwa hiyo akiba ile hupungua na mapafu hupumzika yakiwa madogo kuliko inavyotakiwa. Hewa yote unayoweza kuijaza kifuani ukijitahidi haipungui sana, ila kwa wenye unene uliopita mno. Kinachopungua kwanza ni ile akiba ya chini.

Athari yake kwa njia za hewa inafahamika kwa kutazama chandarua. Kamba zake nne zikivutwa vizuri, hukaa wazi na mtu akalala ndani kwa nafasi. Zikilegea, kitambaa hushuka mpaka kikamgusa usoni. Vijia vidogo vya hewa navyo vimeshikiliwa wazi na mvuto wa nyama ya mapafu iliyovizunguka, na mapafu yanapokuwa madogo mvuto huo hulegea, vijia vikawa vyembamba, na baadhi ya vile vya chini hujifunga kabla pumzi haijamalizika kutoka. Mtu asiye na pumu huweza kuibeba hali hiyo bila ya taabu kubwa. Mwenye pumu, ambaye kuta za vijia vyake zimevimba na misuli yake iko tayari kukaza kwa sababu ndogo, huanza mazoezi akiwa na njia ambazo zimekwishapungua upana.

Halafu huja mazoezi yenyewe. Mwili mzito huhitaji oksijeni nyingi zaidi kwa mwendo ule ule, kwa hiyo mtu wa kilo 96 anayetembea bega kwa bega na mwenzake wa kilo 60 kutoka Maisara hadi Forodhani anafanya kazi kubwa kuliko mwenzake, na misuli yake ya kuhemea nayo hula sehemu ya oksijeni hiyo kubwa kuliko ya mwenzake kwa kuuinua tu uzito wa kifua. Mtu aliyetulia huvuta kiasi cha lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Akijishughulisha kwa nguvu ya wastani hufika lita 40 au zaidi, na mnene huzifikia akiwa bado yumo katika mwendo ambao mwembamba anauona wa polepole. Hewa nyingi ikipita kwa kasi, tena kwa mdomo, huukausha utando wa ndani wa njia za hewa, na kukauka huko ndiko kunakozindua kemikali zinazoikaza misuli ya vijia kwa mwenye pumu. Hivyo ndivyo uzito unavyomfikisha mtu mapema katika kiwango cha kuhema kinachoamsha pumu.

Liko jambo la tatu ambalo wengi wetu hulieleza kinyume. Mtu aliyebanwa husema hawezi kuvuta hewa, akajitahidi kuvuta zaidi. Mara nyingi taabu yake hasa ni kutoa: njia zikiwa nyembamba hewa hutoka polepole, na kwa kuwa anahema haraka, anavuta nyengine kabla ile ya kwanza haijamalizika. Hewa hujikusanya ndani, pumzi baada ya pumzi, mpaka kifua kikajaa na pakawa hapana nafasi ya kuingiza tena. Kwa sababu hiyo, karibu kila nitakachokieleza kuhusu kuhema kitahusu namna ya kutoa.

Mafuta ya mwilini pia hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, na kwa baadhi ya watu wanene dawa ya kuvuta yenye steroidi, ile inayopunguza uvimbe, hufanya kazi pungufu. Kiungulia, na kukoroma kunakokata pumzi usingizini, huandamana na unene na huizidisha pumu. Hayo ni ya kumweleza daktari wako. Yanayofuata ni yale yaliyo mikononi mwako mwenyewe.

Usianze kabla pumu haijatulia

Zitazame wiki 4 zilizopita. Je, ulipata dalili za mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Uliamshwa usiku na kikohozi au kubanwa, hata kama ni mara moja? Ukiacha ile unayovuta kabla ya mazoezi, ulihitaji pampu ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki? Ipo shughuli uliyoiacha kwa sababu ya pumu? Jibu la ndiyo kwa swali hata moja linaonyesha kwamba pumu haijadhibitiwa sawasawa, na hatua ya kwanza ni kwenda kliniki kabla ya kununua viatu vya mazoezi. Pampu ya buluu yenye salbutamoli hulegeza misuli ya vijia kwa saa chache tu na haigusi uvimbe. Uvimbe unataka dawa ya kinga yenye steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi, itumike kila siku kama ulivyoandikiwa, hata siku unayojiona mzima kabisa.

Ukiwa huko, omba upulizishwe spirometa, yaani mashine ya kupima pumzi unayoitoa, kabla na baada ya kuvuta dawa, upimwe shinikizo la damu, na utazamwe wingi wa damu pia, kwa kuwa upungufu wa damu nao humfanya mtu ahemee hatua chache. Ukiwa miguu inavimba, au unahitaji mito miwili au mitatu ili ulale, au kifua kinauma unapotembea, usijaribu mazoezi yoyote ya mwongozo huu mpaka moyo wako utazamwe.

Kuhema au kubanwa?

Aliyenifunza kusubiri ni mama yangu mdogo anayeishi Wete, kisiwani Pemba, mwanamke mwembamba mwenye pumu ya miaka mingi. Siku moja tulipanda pamoja ule mlima wa kutoka bandarini, na tulipofika juu nilikuwa natweta na mkono umekwishaingia mkobani kutafuta pampu.

"Kaa kitako kwanza, mwanangu," akaniambia, "uhesabu."

"Nihesabu nini, mama?"

"Pumzi. Zikishuka, huo ni mlima. Zisiposhuka, vuta dawa yako."

Tukakaa kwenye baraza ya duka lililofungwa. Hakukuwa na mlio kifuani, wala kikohozi, wala ile hali ya kukazwa kama kwa mkanda. Dakika ya kwanza nilihesabu pumzi 34, ya pili 27, ya nne nilikuwa namsimulia habari za watoto na nimesahau kuhesabu. Pampu ilibaki mkobani.

Huo ndio mwenendo wa kuhema kwa uzito. Huanza mara tu mwendo unapozidi, huongezeka kadiri unavyoongeza kasi, na ukisimama huanza kushuka ndani ya dakika moja au mbili. Kifua hakipigi mluzi, na unaweza kuvuta pumzi ndefu mpaka mwisho ingawa unatamani kukaa. Pumu ina tabia ya kuchelewa na kuvizia. Kwa kawaida huanza kukaza baada ya dakika 5 hadi 10 za mazoezi ya nguvu, au baada ya kumaliza kabisa, na mara nyingi huwa kali zaidi dakika 5 hadi 15 baada ya kusimama, yaani wakati ule ambapo mwenzako asiye na pumu amekwishapoa na anakunywa maji. Huja na mluzi wa kutoa pumzi, kikohozi kikavu kisichokatika, na kifua kinachokazwa, na ikiachwa huchukua nusu saa hadi saa nzima kuondoka, ilhali ikivutiwa dawa hulegea ndani ya dakika chache. Kwa ufupi wa mama mdogo: pumzi inayopungua ukikaa ni ya mwili, inayozidi ukikaa ni ya pumu.

Ukisikia mluzi au kukazwa, usikae kuhesabu, vuta dawa. Na pale hali zote mbili zinapokuja pamoja na huwezi kuzitenganisha, zihesabu kuwa ni pumu, kwani kuvuta dawa usiyoihitaji mara moja moja kuna hasara ndogo kuliko kuichelewesha unayoihitaji.

Anayetaka uhakika zaidi atafute kile kipimo kidogo cha plastiki cha kupuliza, chenye mshale unaosukumwa na pumzi. Pima ukiwa umesimama: vuta pumzi mpaka mwisho, bana mdomo, puliza kwa nguvu na kwa mkupuo mmoja, fanya mara tatu na uandike kipimo kikubwa. Kisha tembea kwa haraka dakika 6 hadi 8 kwenye ardhi tambarare, ukiwa na mtu pamoja nawe na pampu mfukoni, na upime tena dakika 5, 10, 15 na 20 baada ya kusimama. Kipimo kikishuka kwa asilimia 15 au zaidi, kwa mfano kutoka lita 400 kwa dakika hadi 330, ndipo unapoweza kusema kwamba mazoezi yanaikaza njia yako ya hewa. Kikibaki 390 nawe unatweta, tatizo la siku hiyo ni mzigo. Nilirudia jaribio hili mara nne kwa siku tofauti kabla sijaliamini, na karatasi ile ndiyo iliyombadilisha daktari wangu mawazo kuhusu wingi wa dawa zangu.

Pampu, na chupa ya nusu lita

Kama daktari amekubali utumie salbutamoli kabla ya mazoezi, kiasi cha kawaida kwa mtu mzima ni mikupuo 2, dakika 10 hadi 15 kabla ya kuanza. Lakini ukijiona unaihitaji kabla ya kila tembezi, rudi kliniki utazamwe dawa ya kinga, kwa maana dawa hiyo ikitumiwa vyema kwa wiki kadhaa huupunguza ule mkazo wa mazoezi wenyewe.

Watu wengi, na mimi nilikuwa miongoni mwao, hupulizia dawa ulimini wakadhani imefika kifuani. Chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, iliyo safi na kavu, husaidia sana. Weka mdomo wa pampu kwenye kitako cha chupa, uchore umbo lake kwa kalamu, kisha utoboe umbo hilo kwa ncha ya kisu iliyopashwa moto, ukilifanya dogo kidogo ili pampu ibane na hewa isivuje pembeni. Osha chupa kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila ya kufutwa kwa kitambaa, kwa sababu kuisugua huitia umeme unaoifanya dawa igande kwenye plastiki. Tikisa pampu, toa pumzi yote, bana mdomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, vuta polepole na kwa kina, kisha izuie pumzi kwa hesabu ya 10. Subiri nusu dakika, tikisa tena na urudie. Baada ya dawa ya steroidi sukutua mdomo na uteme.

Nguo, tumbo na hewa ya mahali

Msemo wa kujifunga kibwebwe ni mzuri kwa kazi nyingi, lakini hapa usiufuate kwa maana yake ya asili. Kanga iliyokazwa kiunoni, mkanda wa suruali uliobana chini ya tumbo, au sidiria inayoacha alama mbavuni huongeza ule ule msukumo unaokipandisha kiwambo juu. Vaa kitu kinachoacha mbavu zitanuke. Vilevile usitembee na tumbo lililojaa. Baada ya wali wa nazi au biriani subiri kiasi cha saa 2, la sivyo kiungulia kitakupanda na kikohozi kitafuata.

Hali ya hewa ya visiwa vyetu inamsaidia mwenye pumu kwa upande mmoja, kwani hewa yetu ina unyevu na haikaushi njia kama hewa baridi ya nchi za mbali. Kwa sababu hiyo hiyo, ukumbi wa mazoezi wenye kiyoyozi kinachovuma baridi kavu unaweza kukubana zaidi kuliko uwanja ulio wazi. Shida yetu ni moshi na vumbi. Asubuhi mapema watu huwasha moto wa makumbi na kuchoma taka, na moshi hulala chini kwa kuwa upepo haujaanza. Pemba, wakati wa kuanika na kuchambua karafuu, vumbi la makonyo huwakohoza hata wasio na pumu. Na katika masika kuta huota ukungu. Chetezo cha udi nacho ni moshi, ijapokuwa unanukia. Ninaupenda udi na sijauondoa nyumbani, lakini siku ninayofanya mazoezi huomba usiwashwe mpaka niwe nimerudi na kifua kimetulia.

Kwa kutembea, wakati unaonifaa mimi ni mara baada ya sala ya Alfajiri, upande wa baharini ambako pepo za kusi au kaskazi huuondoa moshi. Chagua njia tambarare isiyopita kwenye foleni ya magari. Viwanja vya Maisara kwa mtu wa mjini Unguja, au eneo la Gombani kwa mtu wa Chake Chake, vina faida nyengine: unaweza kuzunguka bila ya kuwa mbali na mahali pa kukaa.

Mwendo wenyewe

Usianze kwa kasi ya kikundi. Vikundi vya mazoezi vya hapa kwetu vina furaha na hamasa nyingi, na kila tarehe 1 Januari hujaza barabara kwa nyimbo, lakini mwendo wa mchakamchaka umepangiwa vifua vya wengine. Anza peke yako au na rafiki mwenye subira, ujiunge na kundi baada ya miezi miwili au mitatu.

Dakika 10 hadi 15 za mwanzo ni za kupasha mwili, na kwa mwenye pumu hizi si za kurukwa hata siku moja. Tembea polepole dakika 5, kisha changanya vipande vifupi vya haraka vya nusu dakika na vipande vya polepole vya dakika moja na nusu. Kupasha mwili kwa namna hiyo huweza kuviacha vijia katika hali ya kutokaza kwa urahisi kwa muda wa saa moja au zaidi, na muda huo ndio unaoutumia kwa mazoezi yako hasa. Baada ya hapo endelea na mtindo ule ule wa vipande: dakika 2 za haraka, dakika 2 za polepole, kwa dakika 15 katika wiki ya kwanza. Vipande vifupi vinamfaa mnene mwenye pumu kuliko mwendo mmoja mrefu, kwa kuwa kila kipande cha polepole huipa hewa iliyokusanyika nafasi ya kutoka kabla haijajaa kifua. Kasi inayofaa ni ile inayokuruhusu kusema sentensi nzima lakini haikuruhusu kuimba.

Katika kuhema, vuta kwa pua kadiri unavyoweza, kwani pua huipa hewa joto na unyevu, na utoe kwa midomo iliyobinywa kama unapuliza kikombe cha chai ya moto. Funganisha na hatua: hatua 2 za kuvuta, hatua 4 za kutoa. Usisukume pumzi kwa nguvu, kwa sababu kusukuma huvifunga vijia ambavyo tayari ni vyembamba. Iache itoke ndefu na laini. Wanariadha wembamba wakichoka huinama na kushika magoti, na wengi wetu huwaiga, lakini kwa mwenye tumbo kubwa kuinama sana hulibana tumbo likakisukuma kiwambo. Kilicho bora ni kusimama karibu na ukuta au mnazi, kuegemeza mikono yote miwili kwa urefu wa kifua, na kuacha tumbo lining'inie huru.

Malizia kwa dakika 5 hadi 10 za kutembea taratibu, na usipande daladala papo hapo, bali kaa mahali penye hewa kwa robo saa, kwa kuwa huo ndio muda ambao pumu huja ikiwa inakuja. Kila wiki ongeza dakika 3 hadi 5, si kasi. Kiasi kinachopendekezwa kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, lakini mimi ilinichukua miezi 5 kuzifikia hizo 150, na sikuona aibu.

Bahari ni neema kwa wenye magoti yanayouma. Ukitembea majini maji yakiwa kiunoni, takriban nusu ya uzito wako hubebwa na maji, na hewa unayovuta juu ya maji ina unyevu. Usiende mpaka maji yafike shingoni, kwani maji yanayozunguka kifua na tumbo huyabana na kuipunguza zaidi ile akiba ya hewa ya chini. Siku ya kwanza niliyojaribu nilidhani nimebanwa na pumu, kumbe nilikuwa nimezama mno. Ingia maji yanapojaa kwa utulivu, vaa viatu vya mpira, usiende peke yako, na muachie pampu mtu aliyekaa ufukweni.

Mwezi wa Ramadhani

Dawa ya kinga ya mara mbili kwa siku hukaa vizuri kwenye futari na daku, na matembezi mepesi yanafaa saa moja au mbili baada ya futari ndogo, au baada ya tarawehe. Kuhusu pampu mchana wa kufunga, masheikh wametofautiana. Muulize sheikh unayemwamini kabla mwezi haujaandama, ili usianze kutafakari fatwa ukiwa umebanwa. Aliyebanwa avute dawa yake, kwani mgonjwa amepewa ruhusa katika Qur'ani ya kufungua na kulipa siku nyengine.

Kupunguza uzito

Kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaweza kuleta nafuu inayoonekana katika udhibiti wa pumu. Kwa mtu wa kilo 96 ni kama kilo 5 hadi 10, wala hahitaji kurudi katika umbo la ujana wake. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo sana. Kwangu kilichofanya kazi kilikuwa kikombe cha chai bila ya sukari, vitumbua kwa siku ya Ijumaa tu, na sahani ya wali iliyopunguzwa nusu huku mchuzi wa samaki na mboga ukibaki vile vile. Kumbuka pia kwamba vidonge vya prednisoloni, vile vya steroidi vinavyotolewa pumu inaposhambulia, vikitumiwa mara kwa mara huongeza hamu ya kula na uzito, na hiyo ni sababu nyengine ya kuikamata dawa ya kinga: kila shambulio unaloliepuka ni kozi ya vidonge ambayo hukuihitaji.

Pumzi isiposhuka

Ukibanwa katikati ya mazoezi, simama, kaa wima, vuta mikupuo 2 kupitia chupa. Usiporejea hali yako baada ya dakika chache, endelea mkupuo mmoja kila nusu dakika hadi dakika moja mpaka ufikie 10, huku mwenzako akitafuta gari. Asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mwenye midomo iliyogeuka rangi, anayesinzia au kuchanganyikiwa, au ambaye nafuu ya dawa haidumu saa 4, apelekwe hospitali bila ya kungojea asubuhi. Usimlaze chali njiani. Mnene aliyelala chali hupoteza hata ile akiba ndogo aliyonayo. Wakaazi wa vijijini, hasa Pemba, waandike mapema namba za watu wawili wenye gari wanaopokea simu usiku.

Daftari la kupeleka kliniki

Andika siku unayofanya mazoezi mistari miwili tu: ulichofanya, na pumzi ilivyokuwa. Mstari wangu mmoja unasema hivi: "Jumanne, Maisara, dakika 22, kusi kali. Kabla 380, baada ya dakika 10 ni 370. Nilitweta, hakuna mluzi, nilitulia dakika ya 3. Pampu hapana." Wa Ijumaa ya wiki hiyo unasema: "Nyumbani, ngazi, udi umewashwa. Kabla 375, baada ya dakika 10 ni 300. Mluzi. Mikupuo 2, nilitulia baada ya dakika 8." Daktari aliyesoma mistari hiyo miwili hakuniuliza uzito wangu kwanza, aliniuliza chetezo kinawekwa chumba gani.